Ubanaji wa video huanzia ukumbini

Wapiga video wenzangu wakitaka kupunguza uzito wa mafaili yao, swali la kwanza huwa ni kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua video: nitumie H.264, H.265 au AV1? Mimi hilo huliweka mwisho. Narekodi harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na katika kazi hii nimeona nafuu kubwa ikipatikana kabla faili halijagusa programu ya kubana.

Tazama mzigo wenyewe kwanza. Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080, kwa mpangilio wa kawaida wa rangi wa 4:2:0 na biti 8, ni kama baiti milioni 3.1 isipobanwa. Kwa fremu 25 kila sekunde unapata MB 78 hivi, na dakika moja inakaribia GB 4.7. Kodeki hupunguza mzigo huo kwa kutorudia kilichokwisha kusemwa. Fremu moja huhifadhiwa nzima, kisha zinazofuata huandikwa kama mabadiliko tu: kipande hiki kimesogea kushoto kidogo, kile kimebaki palepale. H.264 hufanya kazi hiyo kwa vipande vya pikseli 16 kwa 16, ikivigawa zaidi inapobidi. H.265 huweza kuchukua kipande cha hadi 64 kwa 64, ndiyo maana ukuta mtupu au pazia la jukwaani huigharimu kidogo sana.

Sasa fikiria chenga, yale madoadoa madogo ya kwenye picha. Ukumbi una giza, umepandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), na kila pikseli inawakawaka ovyo. Chenga za fremu hii hazifanani na za fremu ijayo, kwa hiyo kodeki haina cha kubashiri. Inatumia biti zako nyingi kuhifadhi uchafu ambao hakuna mtu aliyetaka kuutazama. Taa moja ya ziada upande wa meza kuu itakupunguzia ukubwa wa faili zaidi kuliko kubadilisha programu. Kamera ikae kwenye stendi wakati wa hotuba. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, weka kasi ya shata sekunde 1/50 au 1/100. Nje ya hapo taa nyingi zitapepesa, mwanga wa fremu nzima utapanda na kushuka, na ubashiri wote utavurugika. Chenga zikibaki hata hivyo, zisafishe kidogo kabla ya kubana. Kichujio cha hqdn3d ndani ya FFmpeg, programu ya kubana ninayoitumia, kinatosha, mradi usikikaze mpaka nyuso zikawa kama nta.

Kwenye kubana kwenyewe, achana na bitireti (idadi ya biti kwa sekunde) isiyobadilika. Harusi haina uzito mmoja. Baba mzazi akitoa nasaha, karibu picha nzima imetulia. Maharusi wakiingia, kuna moshi wa mashine, taa za rangi zinazunguka, karatasi za kumetameta zinaanguka na watu wote wanacheza. Ukigawa biti sawasawa, hotuba inapata za kumwaga huku picha ya maharusi wakiingia ikigeuka vibokisi. Tumia CRF, ambayo hulenga ubora na kuacha biti zifuate mahitaji ya picha. Kwa x264, kisimbaji (programu inayobana) cha H.264, kipimo huanza 0 hadi 51, na chaguo-msingi ni 23. Ukiongeza 6, faili hupungua karibu nusu. Harusi mimi huziweka 20 hadi 22:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -preset slow -crf 21 -aq-mode 3 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart harusi.mp4

Neno "slow" hukipa kisimbaji muda wa kutafuta vizuri kipande kilisogea wapi. Iache mashine ifanye kazi usiku. Visimbaji vilivyo ndani ya kadi ya michoro ya kompyuta (GPU) vina kasi nzuri na kwa matangazo ya moja kwa moja navipenda, lakini kwa faili la kumbukumbu ya familia, kwa ubora uleule, kwa kawaida hutoa faili kubwa zaidi. Na siku zote bana kutoka kwenye faili la kamera, si kutoka kwenye nakala iliyokwisha kubanwa.

Hiyo "aq-mode 3" naomba usiipite haraka. Visimbaji hupenda kuzinyima biti sehemu zenye giza, wakichukulia kuwa jicho halitaona. Lakini kwenye kumbi zetu sehemu yenye giza ndiyo uso wa mama wa bwana harusi. Ngozi nyeusi kwenye mwanga hafifu ina vivuli laini sana, na vikinyimwa biti hugeuka madoa na mistari shavuni. Mpangilio huu huelekeza biti zaidi kwenye giza. Vipimo vya ubora wa picha kama VMAF ya Netflix ni vizuri na vinasaidia kulinganisha, ila alama ya jumla ya video nzima inaweza kuwa ya juu huku uso mmoja kivulini umeharibika. Simamisha video, kuza uso, tazama kwa macho yako. Watu hawa wamevaa, wamepambwa, wametoka mikoani kuja kuonekana.

Ndipo sasa tufike kwenye kodeki. H.265, ya mwaka 2013, ililenga kutumia nusu ya biti za H.264 kwa ubora uleule, nami huitumia kwa akiba yangu kwenye diski. AV1, iliyotoka 2018, inabana vizuri pia. Lakini faili lazima lisimbuliwe, yaani lifunguliwe na kuchezwa, na simu ya mtu. Simu isiyo na chipu ya kodeki hiyo huitwika prosesa kazi yote: inapata moto, chaji inaisha, picha inakwamakwama. Hata kwa iPhone, chipu ya kusimbua AV1 ilianza na 15 Pro ya mwaka 2023. Kwa hiyo faili la kugawia ndugu na jamaa liwe H.264 ya biti 8.

Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama dokyumenti, la sivyo programu italibana upya na vile vivuli vya usoni vitapotea. Kabla ya kutuma zima, mimi hukata dakika chache za maharusi kuingia na kumtumia mwanafamilia mwenye simu ya zamani kuliko wote. Ikicheza bila kukwama kwake, itacheza kwa wengine.