Mama mkwe wako yuko sahihi kuhusu hayo madirisha

"Asalaam aleikum Shangazi. Nimeolewa miaka sita, tunakaa Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya babu yake mume wangu. Chini anakaa mama mkwe, juu sisi na watoto wawili. Nyumba ina madirisha 11 ya mbao ya tangu zamani, yale ya vijilango viwili vyenye vibao vya mshazari, na nondo kwa ndani. Yamechakaa. Masika maji yanaingia mpaka nasogeza kitanda cha mtoto, usiku yanagonga, mengine hayafungi. Nataka tuweke alumini ya kusukuma yenye kioo cheusi. Mume wangu anasema tusubiri masika yapite. Mama yake hataki hata kusikia, anasema madirisha hayo yatatuzika sote. Kila jioni amekaa dirishani kwake kama malkia. Mawifi zangu nao wamo. Mume wangu mbele ya mama yake anakuwa mtoto mdogo. Fundi aliyekuja kupima, ambaye ni binamu yangu, amesema mbao zote zimeoza na kuzitengeneza ni kutupa pesa. Nimeshampa arbuni kidogo ya madirisha manne ya juu. Niwaambie nini wanielewe? Mama wa Wawili."

Waaleikum salaam, mwanangu.

Kuamka usiku wa mvua na kusogeza kitanda cha mtoto kunachosha. Pole. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na sitakutafutia maneno ya kuwatuliza watu, maana wao ndio wenye hoja.

Neno zito kuliko yote umeliweka mwishoni: arbuni. Umetoa pesa za madirisha manne katika nyumba ambayo si yako, wala si ya mumeo peke yake. Mawifi zako "wamo" kwa sababu ni nyumba ya babu yao vilevile, na kama mirathi haijagawanywa, kila mmoja ana fungu lake katika ukuta huo na dirisha hilo. Hujaniambia kama mumeo anajua habari ya arbuni. Nadhani hajui. Na fundi aliyekwambia mbao zote zimeoza ni muuza alumini, tena ndugu yako. Alikuja na futi kamba. Je, alikuja na bisibisi?

Nakuuliza hivyo kwa sababu kuoza kwa mbao hakujulikani kwa kutazama rangi. Rangi inaweza kubanduka magamba huku mbao ndani ni ngumu kama mfupa, na rangi nzuri inaweza kuficha unga. Chukua bisibisi nyembamba, siku kavu, uanzie chini. Ichome kwenye kizingiti cha dirisha, kisha kwenye pembe mbili za chini za fremu, halafu mahali kila kijilango kinapoungana kwa chini. Ikikataa, au ikiingia milimita mbili tatu tu, mbao ni nzima. Ikizama sentimita moja au zaidi bila nguvu, hapo pameoza. Panda juu kidogo kidogo mpaka ugumu urudi, weka alama ya chaki. Kwenye madirisha mengi ya zamani utakuta ugonjwa umeishia kwenye shubiri moja ya chini, kwa sababu huko ndiko maji yanakokaa. Kisha gonga fremu kwa mpini wa bisibisi toka chini hadi juu: mlio wa debe tupu ni mchwa, na ukiona vijitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake, wadudu bado wanakula. Andika kila dirisha peke yake, moja mpaka kumi na moja. Hayo maneno "zote zimeoza" yafute kwanza.

Sasa pitisha kidole chini ya ukingo wa kijilango, ule ukingo unaoelekea sakafuni, usioonekana. Nina hakika utakuta mbao kavu isiyo na rangi. Wapaka rangi wengi hawaupaki kwa sababu hauonekani, na hapo ndipo mbao inapokunywa maji kama sifongo, maana nyuzi zimekatwa na vinywa viko wazi. Miaka inapita, kiungo kinalegea, kijilango kinashuka, watu wanasema dirisha limezeeka.

Kugonga usiku si uzee pia. Kijilango kinagonga kwa sababu ndoano ya kukishika kikiwa wazi imepotea, au komeo halifiki kwenye tundu lake. Kisichofunga mara nyingi kimeshuka kwenye bawaba: skrubu zimelegea, tundu limepanuka. Toa skrubu, piga kijiti cha mbao ngumu chenye gundi ndani ya tundu, kikate sawasawa na uso wa mbao, kesho yake rudisha bawaba kwa skrubu ndefu kidogo za shaba au chuma kisichoshika kutu. Misumari ya chuma cha kawaida usiiruhusu. Hewa ya bahari inaila, kutu inavimba, na mbao inapasuka kutoka ndani. Nondo zako angalia hivyo hivyo pale zinapoingia kwenye fremu: ukiona ufa unaofuata nondo, sugua kutu kwa brashi ya waya na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi nyingine yoyote.

Na maji ya masika? Kabla ya kulaumu dirisha, simama njiani mvua ikinyesha utazame juu. Mfereji wa paa ukiziba, maji yanateremka ukutani na kuingia juu ya fremu, na hapo hata alumini haitakusaidia. Mfereji ukiwa salama, tazama ufa kati ya fremu na ukuta. Huo uzibwe kwa chokaa na mchanga, fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga uliooshwa chumvi, kwa tabaka zisizozidi sentimita mbili, na kila tabaka lifunikwe kwa gunia bichi siku kadhaa lisikauke mbio. Kizingiti kiwe na mteremko kuelekea nje na kijifereji chembamba kwa chini, kama milimita sita, cha kuyakata maji yadondoke yasitambae kurudi ukutani. Mwisho, pale vijilango viwili vinapokutana katikati, seremala apigilie kwa nje ubao mwembamba unaofunika mwanya. Mara nyingi mvua ya upepo hupitia hapo hapo.

Palipooza kweli, seremala anakata mpaka afike mbao nzima, anaongeza sentimita tano zaidi, kisha anaunga kipande kipya kwa mkato wa mshazari, urefu wa kiungo usipungue mara tatu ya unene wa mbao. Kipande kiwe cha mvule au msaji mkavu, nyuzi zikienda upande mmoja na za zamani, kwa gundi isiyoogopa maji. Akikwambia atajaza tundu kubwa kwa unga wa mbao na gundi, mkatalie. Ule mjazo haupandi na kushuka pamoja na mbao, ufa unatokea pembeni, maji yanaingia nyuma na hayatoki.

Jambo la rangi nakuomba ulishike kwa mikono miwili kwa ajili ya watoto. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Msasa usipigwe mkavu. Mbao ilowanishwe, isuguliwe kwa msasa wa maji, magamba yakusanywe kwenye turubai na yasichomwe moto, na watoto walale chini kwa bibi yao mpaka sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi. Halafu mbao ikauke kabisa. Mumeo aliposema tungoje masika yapite, wewe ulisikia woga. Lakini gundi na rangi hazishiki kwenye mbao iliyolowa, inabanduka kabla ya mwaka. Kazi hii ni ya kipupwe au kaskazi. Huyo anajua anachosema, hata kama hakukueleza vizuri.

Tuje kwa hiyo alumini. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi, na hakuna tundu la dirisha lililonyooka. Kuing'oa fremu iliyokaa humo vizazi ni kugonga nyundo kwenye ukuta unaoshikiliwa na mbao zilizolala juu ya dirisha. Mawe yanalegea. Fundi wa alumini, ambaye kazi yake ni matofali ya saruji, atanyoosha tundu kwa saruji. Saruji haipumui. Unyevu ambao ukuta ulikuwa unautoa kupitia chokaa unakwama, chumvi inasukuma lipu itoke mabaka, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaanza kuoza mahali usipopaona. Hapo ndipo utakapoelewa msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe utakuwa umeupasua mwenyewe.

Dirisha la kusukuma la vioo viwili linafunguka nusu tu, hata ufanyeje. Nusu ya upepo wa kusi umeifungia nje. Kijilango cha mbao kinalizuia jua kabla halijaingia; kioo kinaliingiza kisha kinalifungia ndani, na kuwa cheusi kunapunguza tu. Baada ya hapo mtatafuta kiyoyozi, na bili ya umeme italipwa na huyo huyo unayemwita mtoto mdogo. Kwa wezi, kioo cha reli hakikulindi bila nondo, kwa hiyo utalipia grili mpya wakati nondo ulizonazo zimepenya fremu kwa ndani. Tena hapo mlipo si pa kuamka ukabadilisha dirisha. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inayopaswa kutoa kibali. Hukuandika neno moja kuhusu kibali.

Na mama mkwe wako, mwanangu. Anakaa dirishani jioni kwa sababu dirisha lile limetengenezwa kwa ajili hiyo. Vibao vya mshazari vinampa mwanamke njia yote bila njia kumpata yeye. Anasikia nani amefiwa, anamwona mjukuu akitoka madrasa, hajitandi, haondoki. Kioo chako cheusi mchana kitamsitiri. Taa ikiwashwa tu magharibi, kinageuka, na kila mpita njia atamwona yeye hadi kwenye mkeka. Umemwita malkia kwa uchungu. Mimi naona mama anayetetea sitara yake, na yenu.

Siku hizi naona ndoa nyingi zinapita njia hii. Bwana na bibi wana jambo limewakaa kooni, la mama mkwe, la kukosa kauli ndani ya nyumba, la kutamani mji wao wenyewe, na badala ya kulisema wanabadilisha kochi, wanabadilisha vigae, wanabadilisha madirisha. Vitu vinaisha kununuliwa na jambo liko pale pale. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kama unataka kuhama ukaanze maisha Fuoni au Mwanakwerekwe, hiyo ni haja halali ya mke, imwambie mumeo kwa jina lake. Nyumba ya watu usiigeuze kuwa barua yako.

Sikunyimi kila kitu. Ukipima ukakuta dirisha ambalo fremu yake imeliwa mpaka juu, hilo libadilishwe, lakini kwa mbao, kwa vipimo vile vile, na bawaba nzima za lile la zamani zihamishiwe kwenye jipya. Mbu wazuieni kwa fremu nyepesi ya wavu inayochomolewa, upande wa ndani wa nondo. Na kama chumba cha watoto kinahitaji kufungwa kabisa wakati wa mvua, seremala atengeneze fremu ya kioo ya kuegemeza kwa ndani, iliyoshikwa na vikomeo vinne, inayotolewa mvua zikiisha. Ukuta hauguswi, fremu ya zamani haiguswi.

Leo usiku, watoto wakilala, mwambie mumeo habari ya arbuni, kiasi chake na pesa ilikotoka. Usianze na maji, usianze na mama yake. Kesho mwendee binamu yako urudishiwe. Kama hajakata alumini, hana cha kukuzuilia. Kama amekata, mlipe alichokata tu, kwa maandishi. Kisha mtafuteni seremala aliyekwisha kuunga madirisha ya zamani, awaonyeshe kazi yake ya miaka mitano nyuma, na bei aiandike dirisha kwa dirisha, vifaa mbali na ufundi mbali.

Karatasi yako ya madirisha 11 mpelekee mama mkwe, akae nayo. Muulize lipi lilianza kuvuja, na mwaka gani. Anayakalia madirisha hayo tangu kabla hujaolewa. Atakutajia mengine ambayo bisibisi haitakuonyesha. Kazi ianzie chumba cha mtoto.