Ufa wa pembe ya dirisha: ni lipu au msingi?

Mkuu, kwa nyumba hiyo ya Dodoma unayotaka kununua, ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kwenda mshazari, mpana kiasi cha kupitisha sarafu, si wa lipu. Hapo mara nyingi msingi umecheza. Nyufa za lipu ni nyembamba kama unywele na hazina mwelekeo. Dodoma ziko nyingi kwa sababu jua na upepo hukausha saruji haraka, na mafundi hawamwagilii vya kutosha (angalau siku 7). Hizo zisikutishe.

Kuhakikisha, bandua lipu kidogo juu ya ufa kwa tindo. Ukikuta tofali limekatika au viungo vimeachana, ukuta wenyewe umepasuka. Kisha chimba kando ya msingi, sentimita 60 hivi. Udongo mweusi, unaonata ukilowa na kupasukapasuka ukikauka, ndio huo unaovimba mvua za Desemba hadi Aprili na kusinyaa kiangazi, na nyumba inapanda na kushuka nao kila mwaka.

Angalia pia maji ya bati yanaangukia wapi. Yakimwagikia mguuni mwa ukuta, gata na zege la mita 1 kuzunguka nyumba, lenye mteremko wa kwenda nje, vinasaidia sana.

Muuzaji asizibe ufa kwanza! Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili, upime tena mvua zikiisha. Upana wa ufa ukizidi milimita 5, au milango imeanza kugoma kufunga, mlete mhandisi kabla hujalipa.