Noti za PDF: Nichapishe au Nisomee Kwenye Simu?

SWALI: Mhariri, nasomea uhasibu jioni hapa mjini. Mwalimu ametutumia PDF ya kurasa 300. Nikiisomea kwenye simu macho yanawasha, na kesho yake sikumbuki kitu. Kuichapisha yote saiba ni ghali. Nifanyeje? – Msomaji, Umoja

JIBU: Usichapishe zote. Uchambuzi wa tafiti 54 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karatasi huishinda skrini kwa maandishi ya maelezo, hasa msomaji anapobanwa na muda. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Basi chapisha sura ngumu na zile za mtihani tu.

Pale saiba, omba kurasa mbili kila upande, karatasi ichapwe pande zote: kurasa 100 zitaingia kwenye karatasi 25. Angalia ukubwa wa herufi kwanza, kwa sababu zitapungua hadi asilimia 70 hivi. Za 12 zitakuwa kama 8.5, zinasomeka, za 10 zitakuwa 7, na hapo utaumia. Kurasa nne kwa upande hata usijaribu.

Macho huwasha kwa kuwa mbele ya skrini tunapepesa mara chache, machozi yakakauka. Shika simu sentimita 40 hivi kutoka usoni, na kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Tena PDF ya A4 haikutengenezewa simu. Utaivuta kushoto kulia kila mstari. Mwombe mwalimu faili ya Word, maana mistari yake inaweza kujipanga kulingana na upana wa kioo.