TV imeota mabaka? Pima ampia kabla ya kulaumu kioo

"Mwanangu, ile TV uliyonitengenezea imeota mabaka."

Aliyesema hivyo ni mama mmoja mwenye mgahawa hapa Majengo, Dodoma. TV ni ya inchi 32, na nilikuwa nimeibadilishia taa miezi mitatu tu nyuma. Nikamwamkia, nikaiwasha. Kweli bwana: juu kumekucha, katikati magharibi, chini saa mbili usiku. Ulimi uliniwasha nimwambie kioo kimekufa, maana hilo ndilo jibu letu mafundi tukitaka mteja aondoke bila kuuliza zaidi. Lakini kioo kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa langu.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga hata kidogo. Kazi yake ni kuupitisha au kuuziba mwanga unaotoka nyuma kwenye stripu za LED, yaani vipande virefu vyembamba vyenye taa ndogondogo. Ukitaka kujua nani ana kosa, zima taa za chumbani, acha TV inacheza, kisha mulika tochi ya simu karibu na kioo, pale penye giza. Ukiona picha inapita kwa mbali, achana na kioo, fungua mgongo.

Sasa nikuambie nilichokuwa nimefanya. TV ile ina stripu tatu, kila moja LED sita. LED moja ya aina ile inataka kama volti 3, kwa hiyo stripu ni volti 18, na kiwandani walizifunga kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, jumla volti 54 hivi. Draiva ya kwenye bodi, yaani sehemu inayolisha taa umeme, ilikuwa imekufa. Mimi nikaweka draiva ya bei poa ambayo haifiki volti 54, nikazifunga stripu zote tatu sambamba, kila moja na njia yake ya umeme, ili zitosheke na 18. Na kwa kuwa moja ilikuwa imeungua, nikabandika nyingine niliyoichomoa kwenye TV mbovu ya aina tofauti. Zikawaka zote. Nikapokea hela yangu, nikalala vizuri.

Tatizo ni kwamba LED haina tabia ya balbu ya nyuzi. Volti ikizidi kidogo tu, ampia, yaani kiasi cha umeme unaopita, zinaruka juu sana. Stripu mbili hazifanani hata zikitoka boksi moja, seuze TV mbili tofauti: moja inaridhika na volti 17.5, nyingine inataka 18.3. Ukizilisha sinia moja, ile inayoridhika mapema inakula zaidi. Ikila inapata joto, ikipata joto inahitaji volti chache zaidi, kwa hiyo inaongeza kula. Nilipopima nikakuta stripu ya juu inavuta miliampia 310, ya kati 220, ya chini 130. Ya juu ilikuwa inang'aa huku ikijichimbia kaburi.

Zingatia kwamba volti zisingenionyesha kitu. Stripu zilizofungwa sambamba zote zinasoma volti ileile, hata moja ikiwa inakufa njaa. Lazima ukate njia ya waya wa stripu moja, upitishe umeme ndani ya multimita, usome ampia, kisha uende stripu inayofuata. Waya mwekundu wa mita uhamishie tundu la ampia, na ukimaliza urudishe. Mita yangu ya kwanza niliiua kwa kusahau hilo.

Dawa? Iliyo bora ni kurudi kwenye mfuatano. Hapo umeme unaopita LED ya kwanza ndio uleule unaopita ya mwisho, hauna pa kukimbilia. Tafuta draiva inayofika volti zinazotakiwa. Lakini kwa TV kubwa volti hizo zinapita 100, na LED moja ikikatika baadhi ya draiva zinapandisha volti zaidi, kwa hiyo mkono mbali. Kama huna budi kufunga sambamba, weka risista, kidude kinachobana umeme, kwenye kila stripu. Risista ya omu 10 kwa miliampia 220 inakula volti 2.2, kama nusu wati, basi weka ya wati 2, na hakikisha draiva ina volti hizo za ziada. Inapunguza tofauti, haiimalizi. Bodi nzuri za kisasa zina chaneli ya kila stripu inayodhibiti ampia peke yake, na volti inapandishwa mpaka stripu yenye mahitaji makubwa kuliko zote itosheke. Bodi ya namna hiyo ikifa, tafuta nyingine kama hiyo, usiibadilishe kwa kidude cha elfu chache.

Jambo jingine ninalofanya siku hizi ni kupunguza ampia. Karibu na draiva kuna risista ndogo za kupimia umeme wa taa, mara nyingi kadhaa zimefungwa sambamba. Zikiwa nne zinazolingana, ukitoa moja, ampia zinashuka hadi asilimia 75. Macho hayaoni tofauti kubwa, lakini LED zinapoa.

Doa jeupe la duara, hilo si saketi, ni lenzi ndogo inayofunika LED imedondoka. Irudishe kwa gundi ya epoksi. Supagluu mvuke wake unatia ukungu lenzi. Na usifungue karatasi za kusambaza mwanga wakati upepo wa Dodoma umeshika vumbi. Mimi nafunga mlango na kunyunyiza maji sakafuni kwanza.

TV ya mama nilinunua seti kamili ya stripu kwa hela yangu, nikafunga kwa mfuatano na draiva inayostahili. Ile stripu ya kuokoteza bado iko kwenye kopo langu. Naitumia kujaribia draiva, si kwenye TV ya mtu.