Blasha inakaa kama majivu, muuzaji kasema ngozi nyeusi haishiki rangi

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni mweusi, sio maji ya kunde, mweusi kabisa. Nilinunua blasha ya pinki Kariakoo, nikipaka naonekana kama nimemwagiwa unga, nikitoka juani ndo kabisaa. Nikarudi dukani, yule dada akaniambia ngozi nyeusi haishiki blasha, akanikorogea krimu kwenye kopo nipake wiki tatu, eti itafungua uso na mashavu yatakuwa mekundu yenyewe. Harusi ya dada yangu ni mwezi ujao na mi ndo msimamizi. Nianze kuipaka? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiipake. Iache hapohapo ilipo, nitairudia, kwanza tumalize ya blasha maana hilo ndo tatizo dogo.

Ngozi yako haina kosa, umeuziwa rangi isiyo yako. Ile pinki iliyopauka ni nyekundu kidogo iliyochanganywa na nyeupe nyingi, na hiyo nyeupe mara nyingi ni titani dioksaidi, geuza boksi usome utaikuta. Kwenye shavu la mzungu nyeupe inapotea, kwenye lako ndo inayoonekana ya kwanza, nyekundu inamezwa unabaki na majivu. Basi, hamna siri nyingine. Tafuta rangi iliyokolea: nyekundu ya tofali, zambarau iliyoiva, chungwa kali, au ile pinki nzito ya maua ya bogenvilia. Ile ambayo ukiiona kwenye kopo unaogopa, unasema hii si nitakuwa kinyago, ndo hiyohiyo, ikipakwa kidogo inatulia. Na usiijaribishie nyuma ya kiganja, mkono na shavu sio rangi moja. Chukua pamba ya masikio mpya, paka shavuni, toka nje ya duka ujitazame kwenye mwanga wa mchana, zile taa nyeupe za dukani zinadanganya sana. Muuzaji akikuzuia kutoka, rudisha kopo lake uende zako.

Kwa joto la Dar na ukumbi umejaa, paka blasha ya krimu juu ya fondesheni kabla ya poda, gongagonga kwa kidole usisugue, halafu poda kidogo, halafu blasha ya unga ya rangi inayofanana nayo. Usigeuze, krimu juu ya poda inafanya mabongemabonge. Brashi ikung'ute kwanza, anzia vidole viwili kutoka puani, juu kidogo ya mfupa wa shavu, vuta kuelekea juu ya sikio. Wengi mnatabasamu halafu mnapaka pale panapovimba, ukiacha kutabasamu rangi yote inashuka chini na uso unaonekana umechoka.

Sasa krimu. Hili swali naletewa kila msimu wa harusi na linanichosha, sio nyie mnaouliza, wanaonichosha ni hao wanaowajibu. Mtu hana mizani, hana lebo, anachota kwa kijiko kutoka makopo manne anakoroga, anakuuzia kama pakeji ya bibi harusi. Kwenye mikorogo hiyo mara nyingi mna steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, dawa za hospitali za magonjwa ya ngozi kama ukurutu, ambazo daktari anaziandika kwa muda maalumu na usoni anakuwa mwangalifu mno. Ukijipakia tu kila siku ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vya damu vinatanuka vinaanza kuonekana kwa nje, na huo ndo wekundu "wenyewe" alokuahidi. Ni ngozi imeumia, halafu watu wanakusifia!

Wengine wanatia haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, Ulaya wameitoa kwenye krimu hizo tangu 2001. Ikitumika muda mrefu na jua hili letu inaweza kuleta madoa meusi ya kibuluu, na yanapenda kukaa palepale kwenye mifupa ya mashavu. Bibi harusi wa hivyo akikaa kwenye kiti changu namjua hata hajasema, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi, mashavuni kama vumbi la mkaa limeingia chini ya ngozi. Nafunika na konsila ya chungwa, naongeza fondesheni, naongeza tena, nikifika kwenye blasha inakatika vipandevipande kwa sababu chini yake hakuna ngozi nzima ya kuibeba. Alianza mkorogo ili mekapu imkae vizuri, sasa mekapu ndo haikai kabisa. Zebaki sitaki hata kuanza nayo, inaharibu figo na inaweza kumfikia hata mtoto unayembeba. Vitu hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu miaka mingi, enzi za TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini kopo lisilo na lebo nani atalikagua? Kwa hiyo mtu yeyote, awe wa saluni, wa duka au shoga yako, akikupa kitu cha usoni kisichoandikwa kina nini ndani, usipokee hata kama ni cha bure.

Na wewe unayesoma hapa ambaye ushapaka miezi mingi, usikatishe ghafla peke yako, kama mna steroidi uso unaweza kuwaka moto, ukavimba na kutoka vipele, na hapo ndo wengi wanarudi kwenye kopo wakidhani ndo dawa yao. Nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili wapo, Moshi pale KCMC kuna kituo kizima kinachofundisha madaktari wa ngozi. Beba na kopo lenyewe usione aibu, daktari asipojua ulikuwa unapaka nini anabaki kubahatisha.