Jibu: Macho yanayofifia kwa joto

Dada yangu, pole sana. Umeuliza kwa nini mumeo mwenye maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu utando unaofunika neva, huona ukungu akirudi sokoni adhuhuri ilhali asubuhi alikuwa anaona, na kama huo ni ugonjwa unaorudi upya.

Naishi na ugonjwa huu hapa Lamu, na hilo nalijua. Neva ya jicho ikishapoteza ala yake, yaani utando huo unaoifunika, joto la mwili likipanda hata kidogo ujumbe haufiki vizuri kwenye ubongo. Daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hili mwaka 1890. Mwili ukipoa, uoni hurudi. Kaskazi ikikolea, nikipita vichochoro vya mtaa wa Langoni, ukuta na punda aliyesimama mbele yake huwa kitu kimoja machoni mwangu. Nimewahi kumgonga kwa goti. Sasa natoka asubuhi mapema au jioni, leso iliyoloweshwa maji baridi iko shingoni, na ukungu ukija nakaa barazani penye kivuli mpaka uondoke.

Lakini jicho likiuma anapolizungusha, rangi nyekundu ikionekana imechujuka kwa jicho hilo tu, na hali ikapita siku nzima, basi hilo si joto; huenda ndio ugonjwa unaorudi upya. Mpelekeni kwa daktari haraka. Dripu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, huharakisha kupona, ingawa kwa kawaida haibadilishi atakavyoona mwishowe. Tafadhali msimpe vidonge vya steroidi vilivyobaki nyumbani.

Na bandikeni utepe wa rangi kali kwenye kingo za ngazi. Za nyumba zetu hizi ni ndefu na zina giza.