Futi ya hewani haipimi masafa ya bunduki

Swali: Shikamoo mzee. Mimi na kaka yangu tuko Igoma, tunacheza vita vya ndege vya mezani. Tuna Spitfire ya Waingereza na Messerschmitt 109 ya Wajerumani, ndege za Vita vya Pili vya Dunia, za plastiki, skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), kila moja imesimama juu ya kijiti chenye ngazi. Kwa kanuni zetu sentimita 1 ya meza ni mita 10, ngazi moja ya kijiti, ambayo ni sentimita 2, ni mita 100, na bunduki zinafika sentimita 30. Juzi nilikuwa ngazi 6 juu yake. Nikavuta futi hewani toka pua ya Spitfire yangu hadi mkia wa ndege yake, nikapata 25. Yeye akapima mezani, kijiti hadi kijiti, akapata 34, akasema sijamfikia. Nani yuko sahihi? Na zile programu za simu za kupimia umbali zinafaa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako ana haki, risasi zako hazikufika. Na hata yeye kipimo chake kimekuonea huruma, kwa sababu ukipiga hesabu sawasawa ulikuwa mbali zaidi ya mara mbili ya uwezo wa bunduki zako. Nitakuonyesha.

Mimi ni mpima ardhi kwa kazi, na jioni nasimamia michezo hii ya mezani hapa mjini Mwanza. Kila nikiitwa kuamua ugomvi, iwe Kirumba au Nyegezi, nakuta kosa ni hilo hilo: mtu amekamata futi, anaitoa kwenye propela, anaivuta angani hadi kwenye bawa la mwenzake, halafu anasoma namba kwa sauti kama vile amemaliza kazi. Hajapima kitu.

Anza na ndege yenyewe. Spitfire halisi ilikuwa na upana wa mita 11.23 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Kwa skeli ya 1/72 hiyo ni sentimita 15.6, ndiyo ndege uliyonayo. Lakini meza yenu ina skeli yake, sentimita 1 kwa mita 10, na kwenye meza hiyo sentimita 15.6 ni mita 156. Haijapata kutengenezwa ndege ya kivita yenye mabawa ya mita 156. Kwa skeli ya meza yenu, Spitfire ingepaswa kuwa na upana wa sentimita 1.1, sawa na punje ya hindi. Kwa hiyo hiyo plastiki ni pambo la kutuonyesha ni ndege gani na imeelekea wapi. Ndege yenyewe, kwa hesabu, ni nukta moja pale kijiti kinapoingia kwenye kitako. Ukianzia puani na kuishia mkiani umejipunguzia sentimita 12 ambazo hazikuwa zako, yaani mita 120.

Mita 120 si kitu kidogo katika mapigano ya ndege. Mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la anga la Uingereza lililenga bunduki za mabawani ili risasi zikutane yadi 400 mbele, karibu mita 365. Marubani waliokuwa wanapigana kweli wakaona ni mbali mno, na kufikia mapigano ya mwaka 1940 wengi walikuwa wameshusha hadi yadi 250, karibu mita 230. Tofauti hiyo ya mita 135 tu ndiyo waliyoihangaikia, maana ilitenganisha kumwangusha adui na kumaliza risasi bure. Wewe umeichezea kwa kuvuta futi vibaya.

Sasa twende kwenye kimo, maana hapa ndipo futi ya hewani inaposema uongo mkubwa zaidi. Watu wanadhani kuvuta futi kwa mshazari ni kupima kwa haki zaidi, kwa kuwa "imezingatia kimo". Ingekuwa kweli kama skeli ya kwenda juu ingekuwa sawa na skeli ya kwenda mbele. Kwenu haiko sawa, na meza nyingi ni hivyo hivyo, kwa sababu vijiti vingekuwa virefu kuliko mchezaji. Mezani sentimita 2 ni mita 20. Kwenye kijiti chenu sentimita 2 ni mita 100. Futi yako ikipanda mshazari inachanganya aina mbili za sentimita katika namba moja, na namba hiyo haina maana yoyote.

Hesabu ya kweli ni hii. Umbali wa mezani ni mita 340. Ngazi 6 ni mita 600. Mraba wa 340 jumlisha mraba wa 600, tafuta kipeuo cha pili, unapata mita 690 hivi. Bunduki zenu zinaishia 300.

Hamna haja ya kupiga kipeuo kila zamu. Chukueni kipande cha manila mkiandike mara moja: mkiwa kwenye ngazi ile ile, bunduki zinafika sentimita 30, mkipishana ngazi 1, sentimita 28, mkipishana ngazi 2, sentimita 22, mkipishana ngazi 3 au zaidi, hakuna kupiga. Namba hizo zimetoka kwenye hesabu hiyo hiyo na nimezishusha kidogo ili zisomeke. Baada ya hapo mnapima mezani tu, kijiti hadi kijiti. Kama kijiti kimelala, na vya plastiki hulala vikizoea joto, kanuni yenu iseme wazi kwamba kinachohesabiwa ni kitako. Msianze kubishana ndege inaning'inia juu ya wapi. Wenye vitako vipana waweke alama ya kalamu katikati.

Futi iwe ya chuma. Futi kamba ya fundi cherehani inavutika kadiri inavyotumika, na ukicheza barazani mchana, upepo wa ziwani unaipindisha katikati unaposoma. Na ile ndoano ya mbele ya futi ya chuma inayochezacheza, msiigonge kwa nyundo ikaze. Imetengenezwa icheze kwa kadiri ya unene wake, ili kipimo kiwe sawa ukiisukumia ukutani au ukiivuta ukingoni.

Programu za simu, hapana. Simu inakisia umbali kwa kamera na kwa jinsi unavyoizungusha, inahitaji mwanga mzuri na kitu kikubwa ambacho kamera inaweza kukitambua. Bawa jembamba lililoning'inia hewani ndicho kitu kinachoisumbua zaidi. Mchezo unaoamuliwa kwa sentimita mbili hauwezi kuachiwa makisio. Na wale wanaokuja na kurunzi ya leza wakidai wanapima masafa, leza ya namna hiyo inaonyesha mstari tu, haikwambii urefu. Kuna pia wanaouza "fimbo rasmi za masafa" zilizokatwa kwa kuanzia puani mwa ndege. Msinunue. Fimbo hiyo ni kosa lile lile limepakwa rangi.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu silioni mezani tu. Mji wetu umejengwa juu ya vilima vya mawe, na huko Igogo au Mabatini namkuta mtu kanunua kiwanja kwa futi iliyolazwa juu ya mteremko, au kwa hatua za dalali. Ramani ya upimaji haijali mteremko, inaandika umbali wa usawa. Mita 30 zilizopimwa juu ya mteremko wa nyuzi 20 ni mita 28.2 kwenye ramani. Mnunuzi amelipia 30, na siku ya upimaji anaanza kumshuku mpimaji kwamba kamwibia, wakati aliyemwibia ni yule aliyemwambia "tuvute tu futi hapa, mambo ya wataalamu ni gharama". Majirani wanakosana na ukuta unabomolewa.

Kwa hiyo mtu akikupimia kiwanja mlimani, muulize kabla ya kutoa hela: futi aliishika usawa, hatua kwa hatua, huku akishusha timazi kila kituo, au aliilaza chini? Akisema ni yale yale, ondoka, katafute mpima ardhi aliyesajiliwa, na usilipe mpaka uonyeshwe bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja.